Spoki, mishikaki na zile pikipiki 175,000

Najua nimepotea karibu wiki tatu, na kuna wawili watatu walishaanza kuulizia kama nimedisko. Sijadisko. Testi mbili zilinibana, ikaja asaimenti ya kundi ambayo kundi lenyewe ni mimi na jamaa mmoja tu, halafu bumu likachelewa, basi mtu unakosa hata hamu ya kuandika. Leo ninayo stori na ni ndefu kidogo. Kama uko kwenye foleni ya kafteria, itakufikisha dirishani.

Ni habari ya pikipiki. Braza wangu, wale mliowahi kufika kwetu Kimara mnamjua, anaendesha bodaboda. Mwaka jana alipata pikipiki mpya ya mkataba, yaani unapeleka hesabu kwa bosi kila siku mpaka deni likiisha kadi inakuwa yako. Haikumaliza miezi mitano, spoki za gurudumu la nyuma zikaanza kukatika. Na siyo moja. Leo anabadilisha mbili, wiki ijayo tatu. Fundi wa kijiweni anakaza, ananyoosha rimu, maisha yanaendelea. Mwezi wa pili mwaka huu, akiwa amempakia mama mmoja anayeuza mboga, gurudumu likayumba kwenye mteremko na wote wakaenda chini. Braza alichubuka mkono na goti. Yule mama mguu ulivunjika sehemu mbili, na mpaka naandika hapa hajarudi sokoni.

Trafiki alikuja, akapima kwa hatua, akaandika. Chanzo cha ajali: uzembe wa dereva. Spoki sita zilizokatika zilikuwa pale pale, na aliyeziokota ni braza peke yake. Alizitia mfukoni.

Alipokwenda dukani ilikonunuliwa ile pikipiki, kijana wa kaunta hakusimama hata kuziangalia. Akamwambia, "Nyie si mnabeba mishikaki? Sasa mnategemea nini?" Kwa wale ambao hamjapanda bodaboda (mpo kweli?), mshikaki ni abiria wawili au watatu kwa mpigo nyuma ya dereva mmoja. Braza akarudi kijiweni kimya, kwa sababu ni kweli, anabeba. Nitajie bodaboda wa Dar asiyebeba mshikaki saa moja asubuhi, na mimi nitakutajia mhadhiri anayegawa A kwa darasa zima.

Lile jibu la dukani lilinikaa kichwani kuliko hata ajali yenyewe. Nasoma sheria, na hata ningekuwa sisomi ningejiuliza: hivi ukishakuwa umekitumia kitu vibaya kidogo, ndiyo imetoka? Aliyekitengeneza anafuta mikono na kwenda zake?

Nikaingia kuchimba, na kesi ya kwanza ya maana niliyokutana nayo ilikuwa ya magurudumu. Nikacheka peke yangu maktaba mpaka dada wa jirani akanitazama. Ni kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya General Motors, ya mwaka 1975, kwenye mahakama ya rufaa ya pale Washington. Zilikuwa pikapu za miaka ya 1960 hadi 1965, na magurudumu yake yalikuwa yanavunjika. Kampuni ikajitetea kwamba wenye magari walikuwa wanazidisha mzigo, hasa wale waliofunga vibanda vya kulalia safarini juu ya bodi. Mshikaki wa Kimarekani, kwa lugha yetu. Mahakama ikaweka msimamo ambao nimeunakili kwenye daftari kwa maneno yangu: matumizi mabaya ambayo mtengenezaji angeweza kuyatabiri hayamwondoi kwenye lawama. Kinachoweza kumwokoa ni kuonyesha kwamba watu walikitumia vibaya kupita kiasi, kwa namna ambayo mtu mwenye akili timamu asingeitegemea. Na upande wa serikali haulazimiki kueleza kila skrubu ilikosea wapi, mradi uonyeshe kwamba idadi ya yaliyovunjika siyo ya kupuuza.

Rudia hapo kwenye kutabiri. Pikipiki inaletwa hapa ikiwa na siti ndefu na keria ya chuma nyuma. Anayeiuza anajua inakwenda kijiweni, haiendi kumpeleka mtu kanisani Jumapili. Tanzania yenyewe ilitoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za biashara mwaka 2010, kwa hiyo hii kazi siyo siri. Mshikaki ni kosa la barabarani, sikatai, na trafiki akimkamata braza amtoze. Lakini usiniambie hakuna aliyeutabiri. Najua pia hukumu ya Washington haimfungi hakimu wa Kinondoni. Nataka tu ile hoja.

Stori ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni ya Harley-Davidson, yale mapikipiki makubwa ya Kimarekani ambayo moja ni bei ya bodaboda za kijiwe kizima. Kuna matoleo ya mwaka 2008 hadi 2011 yenye breki za ABS. Watu wakaanza kulalamika kwamba unakamata breki, mshikio unaingia mpaka mwisho, pikipiki haisimami, na hakuna dalili ya kukuonya kabla. Marekani kuna mamlaka ya usalama wa vyombo vya barabarani, inaitwa NHTSA, na Julai 2016 ikafungua uchunguzi uliogusa pikipiki kama 430,000. Sasa kisia malalamiko yaliyowafikia mpaka wakaamua kuchunguza yalikuwa mangapi. Elfu kumi? Yalikuwa 43. Ajali tatu, majeruhi wawili. Kijiwe cha Ubungo tu kina watu wengi kuliko hao!

Utetezi uliotolewa utaujua mara moja. Kitabu cha pikipiki kinasema mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na wenye pikipiki hawakubadilisha. Mafuta yakizeeka yanaacha uchafu, uchafu unagandisha vali ndani ya kifaa cha ABS, breki inakufa. Yaani kosa la mwenye mali. Pamoja na hayo yote, mwanzoni mwa 2018 kampuni ikaziita pikipiki karibu 175,000 zirudi kwa mawakala, zisafishwe mfumo na kutiwa mafuta mapya bure. Kama asilimia kubwa ya watu hawafanyi kitu kilichoandikwa kitabuni, na wasipokifanya breki inakatika bila taarifa, mwisho wa siku hilo ni tatizo la pikipiki pia.

Mimi nilichotaka kujua ni kwa nini malalamiko 43 ya kule yana nguvu kuliko kelele zetu zote. Hawa jamaa hawalalamiki kwa uchungu kuliko sisi. Njoo kijiweni usikie matusi! Tofauti ni fomu. Mtu yeyote anaweza kuijaza bila kulipa, hahitaji wakili. Wanamuuliza tarehe, kilomita, alikuwa mwendo gani, kulitokea nini, nani aliumia, na namba ya chesisi, ile yenye tarakimu na herufi 17. Kwa utaratibu wao ile ya 10 inataja mwaka wa toleo. Kwa hiyo mtu wa Texas na mtu wa Ohio ambao hawajawahi kuonana, wote wakilalamikia breki, kuna mtu ofisini anaweza kuwaweka kwenye mstari mmoja. Malalamiko yenyewe yanawekwa hadharani, jina la mlalamikaji likiwa limefichwa. Kampuni ikishatambua kwamba kuna kasoro ya usalama ina siku tano za kazi kuiarifu mamlaka.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Baada ya lile sakata la matairi ya Firestone kwenye magari ya Ford Explorer, mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria inayomlazimisha mtengenezaji kusema hata kama ameita magari ya namna ileile nchi nyingine. Wao wanataka kujua kinachotokea kwa wenzao. India, ambako pikipiki nyingi za huku zinatoka, ilirekebisha sheria yake mwaka 2019 na serikali ikapata nguvu ya kuamuru vyombo viitwe. Mei 2021 Royal Enfield waliita pikipiki karibu 237,000 kwa ajili ya koili ya moto, na wito ulifika India, Thailand, Indonesia, Ufilipino, Malaysia, Australia na New Zealand. Sasa mtu wa Kimara mwenye pikipiki ya mkataba, kadi ina jina la bosi, bosi yuko Kahama, hata ukimwandikia barua ya kumwita itamfikia nani?

Kabla hamjaniita mwanaharakati, rumumeti wangu alinikata maini. Yeye yuko uhandisi, na hapendi sana watu wa sheria (kwi kwi kwi). Nikamwonyesha zile spoki sita. Akaziangalia moja moja kwenye mwanga wa simu, akasema zote zimekatikia shingoni, pale zinapopinda kuingia kwenye habu, na kwamba hiyo ni dalili ya chuma kuchoka. Spoki ikilegea, kila mzunguko inakunjwa na kukunjuliwa, mpaka siku inasema basi. Nikafurahi, nikamwambia si ndiyo, kiwanda! Akasema polepole. Inaweza kuwa kiwanda hawakukaza sawasawa, au chuma ni hafifu. Inaweza pia kuwa ni fundi wako, kila anapobadilisha mbili anakaza hizo mbili na kuacha nyingine zinaning'inia, kwa hiyo anajitengenezea kazi ya wiki ijayo. Spoki sita za pikipiki moja iliyoguswa na fundi mara nne hazithibitishi kitu. Tafuta pikipiki ambazo fundi hajazigusa.

Nilinuna kama saa nzima. Halafu nikaenda stendi kununua daftari.

Liko kijiweni kwa braza tangu mwezi wa tatu, limefungwa kamba kwenye nguzo ya banda la chipsi. Lina safu sita: tarehe, namba ya chesisi, kilomita, spoki ngapi na zimekatikia wapi, ilishaguswa na fundi kabla au bado, na ulikuwa umebeba abiria wangapi. Hiyo ya mwisho ilileta ugomvi. Wengine walisema nimetumwa na trafiki. Braza akawaambia, "Andikeni tu mshikaki, dogo anasema unatabirika," na sasa limekuwa neno la kijiwe. Mtu akichelewa na hesabu anamwambia bosi ilitabirika.

Mpaka Jumapili iliyopita tulikuwa na pikipiki 14 za aina hiyohiyo kutoka vijiwe vitatu. Tisa zimekatika spoki za nyuma kabla ya kilomita 15,000. Katika hizo tisa, tano zilikuwa hazijawahi kuguswa na fundi, na mbili kati ya hizo tano ni za wazee ambao wanabeba mtu mmoja tu, mmoja ni mwalimu anayeendea nayo kazini. Namba za chesisi za saba zinafanana, zinatofautiana mwishoni tu. Rumumeti alipoona hapo akavuta kiti. Hakusema nilikuwa sahihi, hawezi kulisema hilo neno, ila aliomba daftari alale nalo.

Sheria ya Ushindani ya nchi yetu, Na. 8 ya mwaka 2003, ina sehemu inayohusu usalama wa bidhaa na kuzirudisha zile zenye hatari. Shirika la Viwango nalo lina sheria yake ya mwaka 2009. Kwa hiyo siyo kwamba hatuna pa kwenda. Barua nimeandika, kurasa mbili, nimeambatanisha jedwali na picha za shingo za spoki, nimepeleka nakala mbili sehemu mbili na zote zimegongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ya tatu nimepeleka dukani. Yule kijana wa kaunta safari hii alisimama. Akauliza nani amenituma. Nikamwambia sijatumwa, akaniita "mwanasheria" kwa sauti ambayo hata kama ni kejeli, niliipenda.

Majibu bado. Ni wiki ya nne hii.

Nawaomba kitu kimoja. Kama kwenu nyumbani, Mbeya, Mwanza, Tanga, popote, kuna pikipiki inayokata spoki za nyuma, niandikie. Siyo "hizi pikipiki mbovu sana kaka", hiyo ninayo ya kutosha. Nataka namba ya chesisi, iko kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, futa vumbi uisome vizuri. Kilomita. Ngapi, wapi, fundi alishagusa au la. Na abiria wangapi, usione aibu.

Kesho kipindi saa moja asubuhi. Nalala.