Gasketi, Mjomba na Kiswahili cha Injini

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Injini nayo ina mawingu yake: moshi mweupe usiokoma, mapovu katika rejeta, na oili iliyogeuka rangi ikawa mithili ya chai ya maziwa. Dalili hizi zikikutana, fundi hahitaji kupiga ramli. Gasketi ya hedi imeungua.

Ndugu msomaji, gasketi hiyo ni bamba jembamba linalokaa baina ya bloki na hedi ya injini. Kazi yake ni kuvitenga vitu vitatu visivyopatana: moto wa silinda, maji ya kupozea na oili ya kulainisha. Maji yakipungua, injini huchemsha, hedi ya aluminiamu hupinda, na bamba hilo hushindwa kuzuia.

Hayo ndiyo yaliyolifika gari la mjomba wangu pale Kinna, katika Kaunti ya Isiolo, mwaka 2022, baada ya jiwe kutoboa rejeta. Lilikuwa Peugeot 504, pikapu kuukuu iliyobeba mapipa ya maji na, usiku wa dharura, wagonjwa. Misimu ya mvua ilikuwa imeshindwa mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Mifugo ilikuwa imekonda na bei yake kuanguka. Kulivuta gari hadi mjini na kulipa gereji kungetulazimu kuuza mbuzi waliosalia, nao ndio waliokuwa maziwa ya watoto. Mjomba akaamua: tutalifungua wenyewe chini ya mgunga.

Kitabu cha gari kilikuwa cha Kiingereza, lugha asiyoisoma mjomba. Mimi nilisoma, yeye akafasiri kwa mikono. Kabla sijagusa spana alinionya, “Mpwa wangu, hedi ikishatoka, mtu asizungushe injini.” Sababu yake ni kuwa silinda za injini ile ni laina, yaani mabomba yaliyochomekwa ndani ya bloki na kuzungukwa na maji. Zikiinuka hata kidogo, mihuri ya chini huvuja, na kazi huanza upya. Kwa hiyo hatukuing'oa hedi kwa kuivuta juu; tuliitikisa pembeni hadi ikaachia, kisha tukazibana laina kwa bolti na washa. Fito za vali tulizichomeka katika ubao wenye matundu, kila moja kwa nambari yake, kwa kuwa kila fito hurudi pale ilipotoka.

Tulipoweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi, mwanga ulipenya katikati. Hedi ilikuwa imepinda. Ikapandishwa matatu kwenda Meru kusawazishwa kwa mashine, na gasketi mpya ikanunuliwa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Siku za kungoja tulizitumia kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani kwa uangalifu, huku silinda zimefunikwa vitambaa dhidi ya vumbi.

Kukaza bolti kulikuwa ibada ya subira. Huanzwa katikati, hufuatwa nje kwa zamu, tena kwa awamu na kwa spana ya kupimia nguvu. Anayeanzia pembeni huufungia mpindo ndani. Mjomba alitaja nambari, nami nikakaza. Oili mpya ikamiminwa, maji yakajazwa polepole ili hewa itoke. Injini ikaunguruma. Moshi mweupe ulitoka kitambo, ukakatika. Rejeta ikatulia bila povu. Jirani mmoja alisema kwa Kiborana neno moja tu: “Bisaan!” Maji. Alfajiri iliyofuata mapipa yalikuwa njiani.

Katika kazi ile niliandika daftari zima: kuchemsha, kuungua, kuachia, kukaza kwa zamu. Sikuyapata maneno hayo darasani, bali kwa mzee Mborana aliyejifunza Kiswahili kutoka kwa madereva wa malori. Tunapolalamika katika makongamano yetu kwamba Kiswahili hakina istilahi za ufundi, tunawasahau wanaozitumia kila siku wakiwa na grisi mikononi. Mwanafunzi wa isimu na aende gereji na daftari lake. Kiswahili cha injini kipo tayari. Kinachokosekana ni mwandishi wa kukisikiliza.