Mashua Ndogo Katikati ya Jiji Kubwa

Mwaka wa tatu tangu tuhame Mombasa kwenda New York, kijana wetu alikuwa hasemi nasi. Alikuwa na miaka 13. Akirudi shuleni, huingia chumbani na kufunga mlango. Baba yake alifanya kazi usiku na kulala mchana. Tulibaki kuitana wakati wa chakula tu.

Jumamosi moja ya Mei tulikwenda sote Central Park, kwenye bwawa liitwalo Conservatory Water, karibu na Fifth Avenue. Ni bwawa la kujengwa, maji yake si ya kina. Waliosoma Stuart Little, kitabu cha E. B. White cha mwaka 1945, wanalikumbuka: humo ndimo yule mdogo mwenye sura ya panya alimoshindana kwa mashua. Ukingoni pana nyumba ya kuwekea mashua, iliyojengwa mwaka 1954, na mashua za kukodi.

Mashua hizo hazina injini. Husukumwa na upepo. Wewe husimama ukingoni na kisanduku cha redio chenye vijiti viwili. Kimoja hugeuza usukani, cha pili hukaza au kulegeza demani ya tanga. Chini mna mkuku wenye risasi nzito, ndiyo maana mashua hulala ubavu lakini haipinduki.

Kijana wetu aliielekeza mashua yake moja kwa moja upepo unakotoka. Tanga likapigapiga, mashua ikasimama. Akakasirika.

"Upepo hauendewi uso kwa uso, mwanangu," baba yake akamwambia. "Bisha!"

"Kubisha si ndiko mnakonikataza nyumbani, Baba?"

Tulicheka sote, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi. Baba akamwonyesha jinsi manahodha wa Pwani wanavyobisha: kwenda mshazari upande huu, kisha upande ule, na kila mara unasogea mbele kidogo.

Tangu siku hiyo tukaamua kuunda yetu. Tulichagua urefu wa sentimita 65, kwa kuwa ni kipimo kinachotumiwa na washindani wa nchi nyingi, na mbao za balsa hazina uzito. Kosa letu lilikuwa haraka. Hatukuziba vizuri tundu la usukani, na tulipoijaribu katika bafu la nyumbani, maji yaliingia yakaharibu betri. Basi, mama mwenzetu, ukianza, ijaribu mashua bafuni kabla ya kuweka redio ndani, na paka vanishi mara kadhaa.

Katika mashindano tulijifunza kupishana: mashua zikikutana, inayopata upepo kutoka upande wake wa kushoto humpisha mwenzake anayeupata kutoka kulia.

Mara ya kwanza tulikuwa wa mwisho. Njiani kurudi nyumbani, kijana alisema bila kunyamaza, na baba yake, ambaye hakuwa amelala tangu atoke kazini, alimsikiliza hadi mlangoni.

Kama nawe una kijana aliyejifungia, usimwendee uso kwa uso. Mtafutie kazi ya mikono ya kufanya na baba yake, au nawe. Mtafika, ijapokuwa kwa mshazari.