Masomo Yaliyokwama Bondeni

Ukipanda matatu kutoka Nairobi kwenda Nyeri, mwendo wa kilomita 150 hivi, ukishapita Karatina na soko lake kubwa, acha kidogo kuutazama Mlima Kenya uzitazame paa za nyumba. Bado utaona erieli zilizoinuliwa juu ya miti mirefu ya mikalatusi.

Mawimbi ya televisheni hupenda njia iliyonyooka. Huku kuna mlima wa mita 5,199, kule kuna Nyandarua, na katikati ni migongo na mabonde yasiyokwisha hadi Othaya na Mukurweini. Wa mgongoni aliona picha safi, wa bondeni akaona chenga. Mmoja alikwea paa kugeuza erieli, mwenziwe akasimama mlangoni akipaza sauti: "Hapo! Rudisha kidogo!"

Redio ya masafa ya kati hufuata ardhi, basi ndiyo iliyofundisha watoto wa huku. Vipindi vya shule viliandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya (KIE), iliyogeuka KICD mwaka wa 2013, vikapeperushwa na Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 huitwa KBC. Darasa zima liliitikia kwa pamoja. Lakini redio haimngojei mtu: mwalimu akichelewa akitafuta betri, somo limepita. (Wajapani walitangulia mbali. Shirika lao la NHK lilifungua stesheni ya televisheni ya elimu tupu Januari 10, 1959, wakati Kenya haikuwa na televisheni hata moja. Yetu ilianza 1962.)

Mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ilizimwa, vikaja ving'amuzi. Chenga zikaisha kweli, ila sasa ni ama picha kamili ama giza.

Kisha Machi 2020 Korona ikafunga shule zote. Masomo yakahamia Radio Taifa na televisheni ya elimu ya KICD. Mtoto wa Nyeri mjini alimwona mwalimu akichora ubaoni. Yule wa bondeni, ambaye mamake alishinda shambani akichuma majani chai, alisikia tu mchoro ukielezwa, tena ikiwa redio ya nyumbani haikuwa imebebwa shambani. Mtihani wa KCPE ulipofanywa hatimaye Machi 2021, karatasi ilikuwa ile ile kwa wote wawili.