Picha ya Simu na Picha ya Gome

Naungama jambo la aibu. Mwezi wa Novemba 2014, katika chumba cha walimu, mwenzangu alininyoshea simu yake nami nikatazama. Wanaume walikuwa wakimvua nguo mwanamke katika kituo cha magari ya abiria mjini Nairobi. Sinema ile ilikwisha kabla chai yangu haijapoa. Nilitamka neno la masikitiko, nikanywa chai. Tarehe 17 ya mwezi ule wanawake waliandamana jijini. Mimi nilikuwa nimekwisha kutazama picha nyingine nyingi.

Mwaka 2015 Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alilichora tukio hilo. Aliipa kazi yake jina la wito wa waandamanaji, ambao maana yake ni nguo yangu, hiari yangu. Hakuichora juu ya turubai, bali juu ya lubugo, nguo ya gome ya Waganda. Gome hilo huambuliwa katika mti uitwao mutuba, likapondwa kwa nyundo za mti mpaka likatanuka na kulainika. Nao mti hufungwa majani ya mgomba usikauke, hata uote gome jingine. Ni nguo ya kutawazia wafalme na ya kuzikia wafu. Ina matundu na mishono, na rangi haiwezi kupita juu yake mbio. Wala jicho haliwezi.

Mwanamke huyo amelazwa kama Venus wa Velázquez aliyemo katika National Gallery, London, mwili ambao wasomi tumefundishwa kuusifu. Hapo ndipo niliponaswa. Niliukodolea macho uzuri wake dakika nyingi kabla sijakumbuka ni nani niliyekuwa nikimtazama. (Kwa kweli niliiona kitabuni, si ukutani; hata gome lilinifikia kwa njia ya kamera.)

Basi nilikipeleka kitabu darasani, nikanena kwa kirefu juu ya subira ya brashi katika zama za pupa. Mwanafunzi mmoja wa kike alinisikiliza kwa adabu, kisha akainua mkono.

“Mwalimu,” alisema, “lakini bado yuko uchi, nasi bado tunatazama.”

Darasa lilinyamaza. Nilikifunika kitabu, halafu nikakifunua tena, maana sikujua lipi kati ya hayo mawili lilikuwa heshima kwake.