Taa Kali na Uso wa Mwenzio



Waliokabidhiwa kazi ya kukusanya maandishi ya kitabu chetu cha mwaka huu waliniambia niandike jambo lenye faida, lisiwe la nasaba wala la siasa, kwani hayo mawili yamekwisha pata waandishi wake. Mimi nimesomesha sayansi watoto wa skuli hapa Oman tangu nilipofika kijana wa miaka 18, mwaka 1976, mpaka nilipostaafu mwaka 2018, na mwalimu hata akistaafu hakosi somo. Somo langu safari hii ni taa za mbele za gari, na hasa hizi ziitwazo zenoni, ambazo vijana wetu wengi wamezitia katika pikapu zao. Nitaeleza namna nilivyozichagua, namna zilivyonitia aibu, na nilichokifanya baadaye.

Wengi wenu mmefika katika kishamba chetu cha mitende nje ya Sinaw. Nina desturi ya kwenda huko kila Jumatano baada ya magharibi, nilale, na asubuhi ya Alhamisi niwahi soko la mifugo. Pikapu yangu ni Toyota ya mwaka 2006, gari mvumilivu, lakini taa zake zilikuwa zimefifia. Njia ya mwisho ya kufikia shambani ni lami ya gari mbili kupishana, haina taa wala ukingo, na usiku ngamia hupita humo kama wenye njia yao. Ngamia kwa dereva ni mtihani mkubwa. Miguu yake ni mirefu na rangi yake ni ya mchanga; taa humulika miguu tu, na ukimgonga mwili wote huja juu ya kioo na paa. Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba 2021 nilimwona mmoja nimekwisha mfikia. Nilikanyaga breki mpaka gari ikasimama imepinda, na yeye akanitazama kama mwalimu mkuu anavyomtazama mtoto aliyechelewa.

Nilipomsimulia mtoto wa mdogo wangu, alicheka kisha akaniambia, "Ami, taa zako za kizamani. Tia zenoni, utaona mpaka mkia wa mjusi." Tukaenda pamoja mtaa wa mafundi. Muuzaji alitupangia visanduku juu ya meza, kimoja kimeandikwa 4300, kingine 6000, kingine 8000. Mimi, mwalimu wa sayansi, nikadhani kadiri nambari inavyopanda ndivyo mwanga unavyozidi. Sivyo. Nambari ile ni kipimo cha rangi ya mwanga. Kwenye 4300 mwanga ni mweupe wenye umanjano kidogo, na hivyo ndivyo viwanda vya magari vilivyozoea kutia. Ukipanda juu unazidi kuwa wa buluu, na mwanga wenyewe hupungua. Kijana alipenda 6000 kwa kuwa ni ya kupendeza, nami nikalipa riali 18, na fundi akazifunga kwa muda wa kunywa vikombe viwili vya chai.

Ngoja nieleze kidogo zinavyofanya kazi. Globu ya kawaida, ile ya halojeni, ina waya mwembamba unaopashwa moto na umeme mpaka unawaka. Zenoni haina waya. Ndani yake mna gesi ya zenoni na chumvi za madini, na umeme huruka baina ya ncha mbili kama radi ndogo isiyokatika. Ili radi hiyo ianze hutakiwa umeme wa volti zipatazo 20,000 kwa nukta moja, na ndiyo maana huja na kisanduku chake cha kupandisha na kutuliza umeme. Gari la kwanza kuuzwa na taa hizi lilikuwa BMW ya mwaka 1991. Globu ya zenoni hutumia wati 35, chini ya zile 55 za halojeni, na hutoa mwanga wa lumeni zipatazo 3,200, hali ile ya kwangu ya zamani ilikuwa ikitoa kama 1,000 katika taa ya chini. Kwa hesabu ya dukani, basi, ni umeme mchache na mwanga mara tatu. Nani atakataa?

Wiki tatu nilikuwa mfalme wa njia. Nikaona mawe, nikaona vichaka, nikaona mbuzi aliyelala mbali. Gari nyengine zikinimulikia taa kwa hasira, nami nikisema kimoyomoyo kwamba watu wa siku hizi hawana subira.

Jumatano moja ya mwezi wa Disemba nilipakia mifuko 10 ya saruji kwa ajili ya birika la shambani, maana yake kilo 500 zimekaa juu ya ekseli ya nyuma. Nilipokuwa nimebakisha kama kilomita nne, gari ilikuja mbele yangu. Ikamulika mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Nikasema, "Huyu naye ana nini?" Mara nikaiona imeyumba, ikaacha lami, ikaingia mchangani na vumbi likapanda. Nami sikusimama. Nilijipa sababu kwamba labda alitaka kukata njia ya kwenda kwao. Haya ndiyo maneno yaliyonileta kuandika, wala sitayapamba: sikusimama.

Nilifika, nikashusha saruji pamoja na mtunza shamba, nikatawadha, nikasali isha. Baada ya muda akaingia mdogo wangu, baba yake yule kijana, pamoja na mkewe na mjukuu wao wa miaka mitano. Walikuwa wamefika shambani tangu alasiri, wakatoka kwenda mjini kununua mkate na barafu, kwa gari yake mpya ambayo mimi nilikuwa bado sijaijua. Mtoto alikuwa na nundu kwenye paji la uso. Shemeji yangu hakusema neno. Mdogo wangu akakaa akasema, "Kaka, leo tumenusurika. Mtu na taa za buluu, sikuona lami, sikuona mchanga, nimeona weupe mtupu. Na hata kusimama hakusimama."

Kijana wake ndiye aliyekuwa akimimina kahawa. Alinitazama, nami nikatazama kikombe. Nikasema, "Alhamdulillahi, mmesalimika." Hayo tu. Kulala nililala, usingizi sikuupata.

Asubuhi baada ya sala nilimtoa mdogo wangu mpaka penye birika nikamwambia, "Mtu yule alikuwa mimi." Akanijibu taratibu, "Nilijua tangu jana. Gari iliyotupita ilikuwa imelemewa nyuma, na wewe nimekukuta umeshusha saruji. Nilikuwa nakungoja useme." Mimi ni mkubwa wake kwa miaka sita, na siku ile nilikuwa mdogo mbele yake.

Basi nikarudi kwenye somo langu, safari hii kama mwanafunzi. Nilizifungua zile taa nikazitazama vizuri. Globu yangu ya asili ni ile iitwayo H4, iliyoanza kutumika mwaka 1971. Ina waya mbili, mmoja wa taa kubwa na mmoja wa taa ya chini, na chini ya ule wa pili mna kikofia kidogo cha chuma. Kikofia hicho ndicho kinachozuia mwanga usipande juu kwenye macho ya anayekuja. Sahani ya taa inayorudisha mwanga imechongwa kwa hesabu ya waya ule, mahali pake na urefu wake. Ukitia radi ya zenoni mahali pa waya, umbo lake si lile na mahali pake si palepale, na sahani haiwezi kuupanga mwanga. Hutawanyika juu na kando. Ule mwanga mwingi niliouona karibu yangu ulikuwa ukinidanganya, kwani mboni huzoea weupe wa karibu, na mbali huoni zaidi. Tena saruji ilikuwa imeshusha mkia wa gari na kuinua pua, na taa zote mbili zikawa zinatazama usoni.

Viwanda vinavyotia zenoni tangu mwanzo vinalijua hilo. Kwa kanuni za Ulaya, taa ya chini ambayo globu yake inapita lumeni 2,000 hutakiwa iwe na mtambo wa kujishusha wenyewe gari inapopakia, na kifaa cha kuoshea kioo, kwa kuwa vumbi nalo hutawanya mwanga. Kisanduku changu cha riali 18 hakikuwa na kimoja katika hivyo. Jamaa zetu walioko Uingereza wajue kwamba tangu mwaka 2021 gari ya kuanzia Aprili 1986 iliyobadilishwa taa za halojeni zikatiwa zenoni huanguka katika ukaguzi wa kila mwaka. Marekani nako vifaa hivyo vya kubadilishia havikubaliki kwa matumizi ya barabarani.

Nilizitoa siku ileile. Vioo vya taa vilikuwa vimegeuka manjano kwa jua la miaka 15. Vikasuguliwa na kupigwa msasa laini mpaka vikang'aa, na hapo tu nikapata nusu ya nilichokuwa nakitafuta. Nikatia globu mpya za halojeni za wati 60 na 55, zilezile za asili. Fundi akapima umeme unaofika kwenye taa, akakuta waya umechoka na unakula umeme njiani. Akavuta waya mnene kutoka kwenye betri kwa kupitia rilei. Mwisho tukasimamisha gari mita 10 mbele ya ukuta, penye usawa, tukashusha taa mpaka ukingo wa mwanga ukawa sentimita 10 chini ya kimo cha taa zenyewe. Na sasa nikibeba mzigo mzito nashusha tena kabla ya kutoka.

Anayetaka zenoni kwa haki na anunue taa kamili iliyotengenezwa kwa zenoni, pamoja na sahani au lenzi yake, na ahakikishe ni ya nchi anayoendesha. Sisi Oman tunakwenda kulia, na taa ya chini hapa huinua mwanga kidogo upande wa kulia, penye ukingo wa njia. Taa iliyotoka Japani au Uingereza, kama zile zinazofaa Zanzibar na Mombasa, huinua kushoto. Ukiifunga hapa umemuinulia anayekuja.

La mwisho ni la macho. Shemeji yangu alipoacha kunikasirikia aliniambia, "Shemeji, umepima taa, na macho je?" Nikaenda. Daktari akanikuta na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na mwaka 2022 nikapasuliwa, moja kisha jengine. Kumbe muda wote ule kiza kilikuwa changu, nami nikikitafutia dawa barabarani. Na jicho lenye ukungu ndilo linaloumizwa zaidi na taa kali ya mwengine, maana mwanga hutawanyika ndani yake. Mdogo wangu naye amepita miaka sitini. Mtu aliyepofushwa kwa nukta tatu tu, katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, amekwenda mita 83 bila ya kuona.

Tulipokuwa watoto tukitoka chuoni baada ya isha, mwalimu wetu alikuwa hamruhusu mtoto kuinua kandili. Ishikwe chini, usawa wa goti, na mkikutana na mtu mzima iwekwe upande wa pili. Tukiona ni adabu tu za wazee. Nimesomesha sayansi miaka 42, na sababu yake nimeijua penye birika.

Nundu ya mtoto ilipona kwa siku mbili. Hivi sasa yeye ndiye ananisimamia penye ukuta, akiweka alama ya chaki kila nikipakia mzigo.