Mlango wa Strauss na Ngoma ya Deodato

Msomaji wangu, yako mabishano baina ya wapenzi wa muziki ambayo hayajakwisha: je, utungo wa zamani uliosifiwa na mataifa waweza kuguswa na mkono mgeni usivunjiwe heshima? Wako wasemao kuwa hauguswi. Mimi si miongoni mwao, na shahidi wangu ni Eumir Deodato, mzaliwa wa Rio de Janeiro, nchini Brazili.

Mwaka 1896 Mjerumani Richard Strauss alitunga "Also sprach Zarathustra", muziki wa okestra kubwa uchukuao nusu saa na zaidi. Mwanzo wake haufiki dakika mbili, nao ndio ujulikanao sana, hasa tangu Stanley Kubrick alipoutia katika filamu yake ya safari za angani mwaka 1968. Sauti nzito hunguruma chini kama radi iliyo mbali; kisha tarumbeta hupanda kwa sauti tatu tu, na okestra nzima huitikia. Sikiliza sana mwitikio huo. Mara ya kwanza huanza kwa furaha ukageuka huzuni. Mara ya pili huanza kwa huzuni ukageuka furaha. Mara ya tatu mlango hufunguka wote na jua likaingia.

Mwaka 1972, katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, Marekani, Deodato aliutwaa mlango ule peke yake, nyumba akaiacha. Akaunyosha hata ukapata dakika tisa hivi, kwa mtindo wa jazi iliyochanganywa na roki. Billy Cobham alipiga ngoma, John Tropea gitaa, na Deodato mwenyewe kinanda cha umeme. Kwa Strauss, ngoma hupigwa na watu wakangoja. Hapa mdundo umekwisha kushika njia kabla tarumbeta hazijalia, nazo huingia kama wageni waliokuta arusi imeanza. Sauti ni zile zile tatu. Kilichobadilika ni kungoja: kumekuwa kucheza.

Pwani yetu utenzi mmoja waweza kughaniwa kwa mahadhi mbalimbali, wala sijasikia mtu akilia kuwa mtunzi ameibiwa.

Hata hivyo hasara ipo, nami sikufichi. Mwisho wa kazi ya Strauss ni mgumu: ala za juu husema neno moja, nyuzi nzito za chini husema jingine, na hazipatani kamwe. Shaka hiyo haimo kwa Deodato. Wamarekani hawakuidai, mwaka 1973 wimbo wake, uliofupishwa kwa ajili ya redio, ulifika nafasi ya pili katika orodha ya nyimbo zilizopendwa nchini humo, na mwaka 1974 ukapata tuzo ya Grammy.

Ukipata nafasi, anza na Strauss, umsikilize hata mwisho wake usiopatana. Kisha mweke Deodato, nawe uutazame mguu wako.