Wembley, Kijiji cha Nyumba Sita

Mwaka 1547 Wembley ilikuwa na nyumba sita. Zilisimama kilimani, kaskazini ya barabara iendayo Harrow, katikati ya misitu na malisho ya kaunti ya Middlesex, yapata kilomita 13 kutoka kitovu cha London. Jina lake limo katika hati ya mwaka 825, na maana yake ni uwanda wa msituni wa mtu aliyeitwa Wemba. Kijiji hakikuwa na kanisa lake. Wakazi walikuwa waumini wa parokia ya Harrow, na sehemu kubwa ya ardhi ilimilikiwa na ukoo wa Page kwa karne kadhaa. Kanisa la Mtakatifu Yohana lilipojengwa mwaka 1846, ndipo Wembley ilipopata parokia yake yenyewe.

Katika karne za 18 na 19 mashamba ya eneo hilo yalitoa nyasi kavu za kulisha farasi wa London. Msimu wa kukata nyasi ulileta vibarua Middlesex, wakiwamo Wairish waliovuka bahari kwa ajili ya kazi hiyo kisha wakarudi kwao. Hao walikuwa wageni wa msimu. Kwa upande wa asili, kijiji chenyewe kiliendelea kuwa karibu cha Waingereza pekee hata baada ya reli ya London hadi Birmingham kupita jirani mwaka 1837. Stesheni iliyofunguliwa miaka ya 1840 iliitwa Sudbury. Jina la Wembley liliongezwa juu yake mwaka 1882 tu, dalili kwamba kijiji kilikuwa kimeanza kuonekana na watu wa nje.

Jambo lililoitoa Wembley katika ukulima ni Maonyesho ya Himaya ya Uingereza, yaliyofunguliwa Aprili 1924 na kurudiwa mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo miwili watu wapatao milioni 27 waliyatembelea. Karibu kila koloni lilipewa mahali pa kuonyesha mazao na ufundi wake, na Afrika Mashariki, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar pamoja na jirani zao, ilikuwa na jengo lake. Kitabu cha mwongozo cha maonyesho kilikuwa hata na orodha ya watu wa makoloni waliokaa uwanjani: Wachina wa Hong Kong 160, Waafrika Magharibi 60, Waburma 30, Wamalay 20, na wengineo. Pengine hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya wakazi wa Wembley iliyowagawa kwa asili zao, na inasikitisha kwamba iliandikwa ili watazamaji wajue wanachokwenda kutazama. Wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa London walilalamika kuhusu namna wenzao wa Afrika Magharibi walivyowekwa mbele ya umati, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Maonyesho yalipofungwa, watu hao waliondoka. Majumba ya zege yaliyobaki yakawa viwanda na maghala.

Viwanda vikaita wafanyakazi, na reli za kwenda mjini zikaita makarani. Kati ya vita viwili vya dunia malisho yalifunikwa na safu za nyumba za pacha zenye bustani mbele na nyuma. Walionunua wengi walikuwa Waingereza waliohama mitaa ya ndani ya London. Wairish na Wawelsh walifuata kazi, na Wayahudi waliotoka London Mashariki wakawa na sinagogi barabara ya Forty Avenue. Katika mitaa jirani ya Willesden na Harlesden, watu wa Karibiani walianza kupanga vyumba baada ya mwaka 1948. Mwaka 1965 Wembley na Willesden ziliunganishwa kuwa manispaa moja ya London iitwayo Brent, na hapo ndipo jina la Middlesex lilipobaki hasa kwenye anwani za barua.

Mabadiliko makubwa yalianzia mbali, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Waasia, yaani watu wenye asili ya Bara Hindi, walipewa miaka miwili ya kuomba uraia, na wengi wakabaki na pasi za Uingereza. Sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwafanya wasio raia wahitaji vibali vya kazi na vya duka. Ndege za kwenda London zikajaa. Bunge la Uingereza likapitisha, katika siku tatu tu mwishoni mwa Februari 1968, sheria iliyomtaka mwenye pasi ya Uingereza awe yeye mwenyewe, mzazi au babu yake alizaliwa au kuandikishwa uraia Uingereza. Asiyetimiza sharti hilo alisubiri hati maalumu, na hapo mwanzo hati 1,500 tu zilitolewa kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba sheria hiyo iliwabagua watu kwa rangi yao. Uamuzi huo haukuweza kurudisha miaka ambayo familia ziliishi zikiwa zimetengana.

Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda wawe wameondoka katika siku 90. Uingereza iliwapokea zaidi ya 27,000, ikawaweka kwanza katika kambi za zamani za jeshi. Bodi iliyoundwa kuwahudumia iliwashauri wasiende sehemu zilizodhaniwa kuwa zimejaa. Wengi walikwenda hukohuko, na sababu ni nyepesi kwa yeyote aliyewahi kufika ugenini na sanduku moja: ndiko kulikokuwa na shangazi, binamu au mtu wa Kisumu mwenye chumba cha ziada. Wembley ilikuwa na jamaa hao tayari. Ilikuwa pia na nyumba ambazo ndugu wawili waliweza kununua kwa kuchanga, viwanda vya Alperton na Park Royal karibu, na maduka barabara ya Ealing Road yaliyokuwa yakitafuta wapangaji.

Hivyo Ealing Road ikawa barabara ya vitambaa vya sari, vito vya dhahabu na mboga zilizoletwa kwa ndege. Waliofungua maduka hayo walikuwa hasa Wagujarati, lakini Wagujarati waliopitia pwani ya Afrika. Katika lugha yao ya nyumbani mna maneno ya Kiswahili kama kisu, fagio, sufuria na dudu. Kwenye mikahawa, muhogo wa kukaanga huandikwa mogo, na viazi vilivyovikwa unga wa dengu huitwa bhajia za Maru, kama Nairobi. Kuku paka, mlo wa tui la nazi, huliwa na watu ambao babu zao waliuonja Mombasa.

Wanawake wao wengi waliingia viwandani kwa mara ya kwanza maishani. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyeishi Tanganyika kabla ya kufika Uingereza, aliongoza mgomo wa Grunwick, karakana ya kusafisha picha huko Willesden, kuanzia Agosti 1976 hadi Julai 1978. Wagomaji hawakurudishwa kazini, ila waliuonyesha umma kwamba mfanyakazi mwenye sari hakuwa mnyonge aliyedhaniwa.

Ibada nayo ilijenga. Agosti 1995 hekalu la Kihindu la Swaminarayan lilifunguliwa Neasden, kijiji kingine cha zamani kilichomezwa na jiji, likiwa limejengwa kwa mawe ya chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Italia vilivyochongwa India. Mwaka 2010 hekalu la Sanatan likafunguliwa Ealing Road yenyewe.

Kupima mabadiliko haya kwa sensa kuna ugumu wake. Swali la asili liliingizwa mwaka 1991, na jibu la "Mhindi" linamweka mzaliwa wa Jinja kapu moja na mzaliwa wa Ahmedabad. Swali la nchi ya kuzaliwa huonyesha Kenya, bila kumtofautisha Mgujarati na Mkikuyu. Hadi safu hizo mbili zisomwe pamoja, Waasia wa Afrika Mashariki hawaonekani. Mwaka 2021 manispaa ya Brent ilikuwa na wakazi 340,000 hivi: weupe asilimia 35, Waasia 33, weusi zaidi ya 17, na zaidi ya nusu ya wote walizaliwa nje ya Uingereza. Miongoni mwao ni Watamil waliokimbia vita vya Sri Lanka, Wasomali waliokuja tangu miaka ya 1990, Waromania, na watu wa Goa na Daman wenye pasi za Ureno.

Watoto na wajukuu wa waliofika na ndege za 1968 na 1972 wengi wamehamia Kenton, Stanmore na Harrow, kwenye nyumba kubwa zaidi. Wanarudi Ealing Road mwisho wa wiki kununua muhogo.